Robo Saa Kituoni

Kama ukaidi ungegawiwa kwa kibaba, Khairunissa angechukua chake na cha mdogo wake. Wahenga waliposema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, hawakumjua huyu bibi. Kwake yeye ungelima, ukavuna, na mwakani ukalima tena. Yeye na Zohra walinuniana miaka tisa, tangu Zohra alipofika Mississauga, Kanada, akakuta shemeji yake, mume wa Khairunissa, ameshazikwa. Ndege ilichelewa, alijitetea. "Basi na mimi nitachelewa kukusamehe," alijibiwa, na tangu siku hiyo Khairunissa hakutaka kusikia habari zake.

Sasa Zohra alikuwa anahamia Vancouver na mwanawe Zameer, kwa ndege ya alasiri hiyohiyo. Zeena, mjukuu wa Khairunissa, alikula njama na Zameer kwenye simu, akakata tiketi mbili za treni ya zamani ya mvuke, ile ya matembezi kaskazini mwa Toronto. Njiani treni ingesimama robo saa kuongeza maji, katika mji mdogo alikokuwa akiishi Zohra. Naye Zohra akatuma salamu: mwambieni Dada nitamngoja kituoni, kama zamani Dodoma.

Kama Dodoma! Khairunissa alielewa mara moja. Enzi zile ndugu akipita na treni kutoka Tabora, wenyeji wa Dodoma walimfuata dirishani na chakula cha moto. Msafiri hakushuka. Tena yeye ndiye mkubwa, wa kufuatwa. Alijifanya anakubali kwa kumridhisha mtoto, lakini asubuhi alibadilisha shali mara tatu.

Mabehewa yalikuwa ya mbao, na moshi wa makaa uliingia mpaka ndani. Machozi yakamlenga. "Moshi huu," alimwambia Zeena, kabla hajaulizwa.

Treni ikasimama. Watu walijazana wakiipiga picha injini, na katikati ya vichwa vyao Khairunissa akamwona mdogo wake, ameketi, kapu mapajani. Amezeeka, jamani! Zohra akainua mkono. Khairunissa akainua wake, kidogo tu, akangoja.

"Nanima, tushuke," Zeena alimwambia bibi yake kwa Kiingereza.

"Msafiri hashuki. Yeye ndiye aje."

"Muda unakwisha!"

"Kwani yeye hana saa? Mtazame, amekaa kitako kama malkia! Miaka tisa, na hata kuniinukia kumemshinda?"

Moyo ulimwambia nenda. Wallahi, ulimwambia, hata akashika kiti cha mbele ili ajinyanyue. Halafu akakiachia, akaitengeneza shali yake.

King'ora kikalia. Watu wakarudi nyuma, jukwaa likawa wazi, na hapo ndipo alipokiona vizuri kiti alichokalia Zohra. Kilikuwa na magurudumu. Zameer alikuwa akikisukuma mbio kuelekea dirishani, na Zohra ameshikilia kapu kwa mikono miwili, lakini treni ilikuwa imeshaanza kwenda.

"Simamisheni!" Khairunissa alipiga kelele kwa Kiswahili. Mzee wa Kizungu aliyekagua tiketi akamtabasamia, akidhani bibi amefurahi.

Zaidi ya saa mbili baadaye treni ilirudi na kusimama palepale. Khairunissa alikuwa wa kwanza kushuka. Hapakuwa na mtu. Zeena alipiga simu mara nne kabla Zameer hajapokea, wakiwa tayari kwenye foleni ya kuingia ndani ya ndege. Zameer akampa mama yake simu.

"Dada?" Sauti ilikuwa ileile. "Usikasirike. Nilitaka kukuinukia, nikashindwa."

"Tangu lini, Zohra?"

"Mwaka wa nne huu."

Kwa miaka tisa Khairunissa alikuwa ameweka maneno ya kumwambia huyu mwanamke, na lililo kali kuliko yote alilijua kwa moyo. Sasa aliyaacha yote. Alilia kwa sauti, mbele za watu, wala hakujali.

"Wanatuita, Dada. Sema kitu basi."

"Mwenye miguu nilikuwa mimi," alisema Khairunissa. "Zohra, mwenye miguu nilikuwa mimi."