Ncha Pana ya Ishaka

Serikali ya Waingereza ilipopiga marufuku bastola za baruti, Mselem alibeba yake mwenyewe hadi kituo cha polisi, akapewa karatasi na ahsante kavu. Wakubwa ndivyo walivyo: kosa la mmoja, adhabu ya wote. Ikabaki bastola ya upepo, na klabu yao pale mtaa wa Hockley, juu ya karakana ya vyuma, mita kumi kutoka meza hadi kadi ya shabaha. Kufika mwaka 2004 Mselem alikuwa na miaka hamsini na minane, na mkewe Aida alikuwa na miaka miwili kaburini. Hospitali walimwambia marehemu asubiri barua ya kuitwa kutibiwa. Barua ikaja matanga yamekwisha.

Timu ya klabu ilikuwa ya watu wanne. Mmoja alihama mji, nafasi ikawa wazi, na walioililia walikuwa wawili: Mselem na Ishaka. Wote Wazanzibari, wote wa mtaa wa Balsall Heath, msikitini safu moja. Tofauti yao ilikuwa Zainab.

Kila Jumapili Zainab alimfuata mumewe Ishaka hadi klabuni. Alikaa benchi la nyuma na chupa ya chai ya tangawizi na chapati zilizofungwa kitambaani. Ishaka akipiga vizuri alisema, "Mashallah." Akikosa alisema, "Hata hivyo umekaribia." Mselem naye alipewa chapati zake mbili, akazila huku akimtazama Zainab akipangusa unga kwenye kola ya mumewe. Si kwamba alimtaka Zainab, la hasha. Alichokitaka ni kola yake ipanguswe.

Wiki moja kabla ya mchujo wa kuijaza nafasi hiyo, Ishaka alimfuata kazini, kwa sonara Jayantilal, ambako Mselem alishinda akipiga tupa pete na bangili za watu. Ishaka alikuwa na kisanduku kidogo na bastola yake ndani ya mfuko.

"Fundi, macho yangu ndo basi tena," alisema. "Ile ncha ya mbele naiona ukungu mtupu. Nimeagiza vilengeo vingine, hivi vya kiwandani nivitoe. Nichagulie wewe, unayejua chuma."

Mselem alivimwaga mezani. Ncha tatu za kufunga mbele ya mtutu: nyembamba, ya kati na pana. Vibati viwili vya kufunga nyuma, kimoja kina pengo dogo, kingine pengo kubwa. Mpigaji hutazama ncha kupitia pengoni, na lazima aone uzi wa mwanga kushoto na uzi wa mwanga kulia. Asipouona, anapiga kama kipofu. Jicho la mtu mzima hutaka ncha pana na pengo kubwa, vyote viwili. Mselem alilijua jawabu kabla vyuma havijatulia.

"Zainab kasemaje?" aliuliza.

"Yeye ndo kanituma. Kasema, nenda kwa shemeji Mselem, yule hawezi kukudanganya."

Neno hilo lingemlainisha mwingine. Yeye lilimchoma. Hata sifa zake sasa zilipikwa jikoni kwa watu!

"Chukua pana," alisema. "Jicho la mzee linataka kitu kinene."

"Mzee babako. Na cha nyuma?"

"Pengo dogo. Likikubana, mkono unatulia."

Akavifunga mwenyewe, akakaza skrubu barabara. Nusu ya kweli aliitia kwenye bastola, nusu akairudisha kisandukuni.

Siku ya mchujo kila mtu alipewa risasi ishirini. Ishaka alitangulia. Ya kwanza ikaenda kushoto, ya pili kulia, ya tatu karibu itoke kadini. Zainab alisema, "Hata hivyo umekaribia," mara nne, kisha akaifunga chupa ya chai. Zikatoka alama mia na thelathini na tisa kati ya mia mbili.

Gurmit, katibu wa klabu, aliyeupata ukubwa kwa kushika funguo tu, aliichukua ile bastola akaitazama.

"Mwanga uko wapi hapa? Nani kakufungia hivi?"

Mselem aliinamia risasi zake, akazihesabu upya. Ishaka alimtazama Mselem, akamtazama sana, halafu akamgeukia katibu.

"Nimefunga mwenyewe."

"Basi badilisha, urudie."

"Aa, mwache mwenzangu apige. Hii nafasi anaihitaji zaidi yeye."

Mselem alipiga kwa hasira, na hasira siku hiyo ilimtii: mia na sabini na mbili. Alipogeuka, benchi lilikuwa tupu. Zainab alisikika kwenye ngazi akicheka, "Basi Jumapili zangu umenirudishia! Utanipeleka wapi?" Ishaka alijibu kitu kwa sauti ya chini, kicheko kikazidi.

Timu alikuwa ameipata, na wivu ulikuwa palepale, umenenepa.

Gurmit alimletea fomu ya safari za timu. Mselem, ambaye kusoma kwake kulikuwa kwa kuvizia, alimwuliza mstari wa mwisho unataka nini.

"Mtu wa kupigiwa simu ukipatwa na jambo. Andika mkeo."

"Sina mke."

"Basi mtu yeyote wa karibu."

Namba moja tu ya simu ndiyo aliyoijua kwa kichwa. Akaandika polepole, herufi moja moja: Ishaka. Kisha akairudisha fomu kwa kuisukuma, akasema wakubwa wa nchi hii wanajua kuuliza tu, kusaidia hawajui.