Kufuli la Karatasi

Fundi kufuli alikuwa ameacha kuwaambia watu anatafuta nini, maana kila aliyemsikia alimwuliza kama amepoteza ufunguo. Alichokuwa anatafuta ni kufuli moja tu lililotengenezwa na babu yake, baba mzaa baba.

Hataza ilikuwepo. Babu alipewa na serikali ya zamani, hati inayomtambua kuwa ndiye mbunifu na kukataza wengine wasimwige. Fundi, ambaye shule aliiacha mapema, alijifundisha mwenyewe kuisoma lugha yake ngumu. Alipopata nakala ya mchoro aliikuza, akaibandika juu ya meza yake ya kazi, ikatanda ukutani kama ramani. Katikati ya mchoro kulikuwa na jino. Ufunguo mgeni ukiingizwa, jino linadaka bamba la nyuma na kufuli linagoma, ili mwenye nyumba akirudi ajue kwamba kuna mkono uliojaribu. Babu hakupiga chapa ya jina lake kwenye chuma. Alisema jino linatosha.

Lakini siku aliyoliweka mbele ya wafanyabiashara wa mji, kufuli lake lilifunguka kwa ufunguo wa kabati. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Tangu siku hiyo likaitwa kufuli la karatasi, na binti yake wa mwisho akaitwa mtoto wa karatasi hadi anaolewa.

Binti huyo ndiye shangazi yake fundi. Sasa alikuwa kikongwe, macho yamefifia, kifua kinambana, anaishi chumba cha nyuma ya karakana. Mtunza makumbusho ya mji alikuwa ameahidi: lipatikane kufuli lenye jino, na jina la mzee litawekwa chini yake.

"Waambie walichonge," shangazi alisema. "Wakiandika kwa rangi sitaliona. Nataka nilipapase kwa kidole."

Kufuli lilipatikana kwa muuza vyuma chakavu aliyeitwa Sumaku, kwa kuwa chuma hakikumpita.

"Limetoka wapi?" fundi alimwuliza.

"Mlango wa ghala lililobomolewa nyuma ya stesheni. Ungeniambia tangu zamani kwamba unatafuta kutu, ndugu yangu, ningekumwagia lori zima mlangoni."

"Ufunguo wake?"

"Ufunguo! Mtu anauza ng'ombe, wewe unamdai na kamba."

Fundi alicheka, jambo ambalo hakulizoea. Alilibeba kifuani kama mtoto mchanga.

Alifanya kama alivyofanya siku zote. Alililoweka, akalipiga brashi, akalikausha. Kisha akachukua ufunguo usiochongwa, akaupaka masizi, akautia, akautoa, akatazama chuma kimefuta masizi wapi, akapitisha tupa hapo. Akarudia mpaka ufunguo ulipoanza kukubali. Ukazunguka nusu, ukakwama. Akaurudisha, ukakataa. Akajaribu tena taratibu, na kufuli likagoma moja kwa moja.

"Uzee tu huo," aliliambia.

Akafungua kifuniko. Mabamba yalikuwa mazima, springi bado ina nguvu. Nyuma kabisa, kitu kidogo kama punje ya mchele kilikuwa kimeng'ang'ania ukingo wa bamba. Fundi kufuli havumilii kinachokwaruza. Mkono wake ulikuwa umeshaokota tupa nyembamba kabla yeye hajafikiri lolote, kama mtu anavyojikuna. Akasugua, akapuliza unga, akarudisha bamba. Ufunguo ukazunguka laini kama kisu kwenye siagi.

Ndipo akawasha taa ya mezani, akavaa miwani, akaanza kulitafuta jino.

Alitafuta kitu kikubwa kama ukucha wa kidole gumba, kwa sababu ndivyo alivyokiona ukutani miaka yote. Hakukipata. Alianza kujifariji kwamba basi, si lenyewe, kazi inaendelea. Akainua macho kwenye mchoro, akayashusha kwenye bamba la nyuma. Pale ambapo mchoro ulionyesha jino, hapa palikuwa na doa jeupe linalong'aa, jipya.

Akakaa chini.

Kufuli halikuwa bovu. Lilikuwa limemkamata. Ufunguo aliouchonga ndio uliokuwa mgeni, na kufuli la babu, baada ya kuliwa na kutu miaka yote ile, lilifanya kazi yake mbele ya macho ya mjukuu. Naye akaling'oa jino.

Alichukua sumaku, akakusanya unga wa chuma juu ya meza. Ulijaa ncha ya kidole.

Mtunza makumbusho aliliangalia kufuli kwa lenzi kwa muda mrefu. Hakuwa mtu wa kejeli.

"Nakuamini, fundi," alisema. "Ila siwezi kuandika kwamba nakuamini. Ninachokiona hapa ni bamba lililopigwa tupa juzi. Chini ya hapo palikuwa na nini, mimi na wewe hatuwezi kuonyesha."

"Naweza kuchomea jino jingine."

"Najua unaweza. Hapo ndipo litakuwa la karatasi kweli."

Akarudi nalo nyumbani. Njiani alipanga kusema kwamba halikuwa lenyewe, aombe muda zaidi. Lakini shangazi alikuwa ameketi kitandani, amefunga kitambaa safi kichwani, mikono imetangulia mbele.

"Nipe, mwanangu."

Alilipapasa pembe zote. Akazungusha ufunguo, akatega sikio, akazungusha tena.

"Laini mno," alisema. "Hili si la baba. La baba lilikuwa na ubishi kidogo."

Hapo fundi akashindwa kudanganya. Alimweleza yote polepole: masizi, kugoma, punje, tupa. "Lilikuwa lenyewe, shangazi. Jino lilikuwepo. Nimeliondoa kwa mkono wangu."

Shangazi aliliweka kufuli mapajani. Kifua chake kikawa kinapanda na kushuka.

"Siku ile waliyomcheka," alisema, "baba alikuja akaketi hapo ulipo wewe. Akamwambia mama, jino lilikuwepo jana, kuna mtu kaliondoa. Nilikuwa mdogo, nikamwamini. Nimepigana na watoto wa watu kwa ajili ya neno hilo. Nimezeeka nalo."

"Alisema kweli."

"Sijui." Alimpapasa mkono, kama anayembembeleza mtoto aliyeamka na ndoto. "Na wewe jino lilikuwepo jana. Kila mara lilikuwepo jana. Labda tungewaacha wacheke tu, mwanangu, tukafanya mambo mengine."

"Shangazi, nakuapia."

"Usiape. Umechoka." Akamrudishia kufuli, akajilaza, akageukia ukutani. "Waambie wale wa makumbusho wasijisumbue kuchonga."

Fundi alibaki ameketi, kufuli mapajani. Vidole vyake, kwa mazoea, vilizungusha ufunguo mbele na nyuma, na kufuli likafunga na kufungua bila kukwaruza popote.