Mguu wa Masunga

Masunga alihamia mbuga ya Usangu mwaka 1974 pamoja na mkewe Roza na ng'ombe wao. Msimu wa tatu wa mvua, alipokuwa akiswaga kundi, vidole vya mguu wake wa kushoto vilizama kwenye shimo, mwili ukaenda mbele. Alisikia kitu kikiachia ndani ya mguu, polepole, kama mshono wa gunia.

Hospitalini Mbeya alipigwa picha akiwa amelala. Mfupa haukuonekana umevunjika. Siku ya tisa bado hakuweza kukanyaga, ndipo tabibu Tupokigwe alipouinua mguu na kuutazama chini. Katikati ya unyayo palikuwa na weusi ulioanza kugeuka manjano.

"Mzee, alama hii imekuwepo tangu lini?"

"Tangu siku ile. Nilidhani ni tope limegoma kutoka."

Tupokigwe aliushusha mguu. "Tutapiga picha nyingine. Safari hii utasimama."

"Nisimamie mguu mbovu?"

"Ukilala, mifupa inarudi mahali pake. Ukikanyaga ndipo itaachana, tuione. Nishike bega."

Masunga alisimama. Maumivu yalipanda mpaka ukuta ukawa maji, na ng'ambo ya maji akaiona mbuga yote, iking'aa, bila mtu. Kisha akakalishwa. Katika picha, kati ya mfupa wa kidole gumba na ule wa jirani yake, palikuwa na ufa mweusi. Mguu wa kulia, usioumia, haukuwa nao.

"Kano inayoifunga mifupa hii imekatika," Tupokigwe alisema. "Mguu ukiachwa hivi, utachechemea maisha yako yote. Lazima tuupasue."

Siku ya upasuaji, Masunga alipovutishwa dawa ya usingizi, aliona ng'ombe wake wakipita juu ya mawingu, kwato zao hazisikiki. Alipozinduka, mifupa ilikuwa imeshikizwa kwa nyaya na mguu umefungwa plasta.

Wiki nane hakukanyaga. Asubuhi ukungu uliingia dirishani, ukalala kwenye vitanda. Alihisi mguu ndani ya plasta ukitembea peke yake, ukivuka mito asiyoijua, akamsimulia Roza aliyekuja kumuuguza.

"Umefika wapi leo?" Roza alimuuliza, akimmiminia maziwa ya mgando.

"Karibu na nyumbani."

Nyaya zilitolewa, akajifunza kutembea kwa magongo, kisha kwa fimbo. Mguu ulipona, ingawa wakati wa baridi uliuma, na kukimbia hakuweza tena. Kuanzia mwaka ule Roza alitangulia mbele ya kundi, na Masunga akafuata nyuma, taratibu, akitazama migongo ya ng'ombe ikielea juu ya majani.