Haidar Kaenda Kumtazama Chui

Mie nimeolewa na Haidar miaka mingi na sijapata kumwona akimtazama mnyama kwa hiari yake. Paka wa jirani akipita mbele ya duka, yeye huinua miguu. Tulipokuwa bado kwetu Unguja nilimwomba anipeleke Jozani tukaone kima, akaniambia kima wanaonekana hata njiani, twende tukafungue duka mapema. Basi mtu huyo huyo, asubuhi moja tunakunywa chai hapa Guangzhou, akaniambia: "Mama Nahla, nataka kwenda India. Kuna msitu una chui milia. Mnapandishwa gari la wazi, mnazunguka kumtafuta."

Nikaacha kutafuna.

"Chui gani?"

"Chui milia. Yule mkubwa, mwenye michirizi."

"Wewe, Haidar?"

"Mimi."

"Na mie?"

"Kontena la Ussi halijafungwa," akasema, akaongeza sukari kwenye chai yake. "Mmoja lazima abaki. Nitarudi kabla maonyesho ya biashara ya Pazhou hayajaanza."

Tuna duka dogo mtaa wa Dengfeng, huku Waafrika tulikojazana. Wateja wa Dar na Unguja wanatuagiza vyombo vya jikoni, taa, mapazia, sisi tunanunua, tunafunga, tunapakia. Mdomo wa biashara ni mie. Laoban wa kiwandani, yaani tajiri mwenye mali, akikataa kupunguza bei, mie ndiye ninayebaki pale namsemesha Kichina changu cha sokoni mpaka anapunguza ili niondoke. Haidar anapima maboksi na kufunga kamba. Watu wa hapa wanatuita redio na betri, na wala sikasiriki, kwa sababu redio ndiyo inayosikika.

Sasa niambie, betri inakwenda India kutazama chui kwa sababu gani?

Nikamfuata shoga yangu Shamsia, mwenye mgahawa wa pilau pale juu. Shamsia ana akili ya kuchambua mambo ya watu, na pilau lake likishapakuliwa hana kazi nyingine. Nikamweleza. Akaweka mwiko chini.

"Muzdalifa mwenzangu," akasema, "mtu wa kwetu haendi India kutazama wanyama. Wanyama tumewaacha kwetu, Wazungu wanapanda ndege kuwafuata. Mtu wa kwetu anakwenda India kwa mambo mawili tu. Vitambaa, au hospitali."

"Vitambaa viko hapa."

"Ndiyo maana nakwambia."

"Au ana mwanamke," nikasema, maana hilo ndilo nililokuwa nalo moyoni tangu chai ya asubuhi.

"Au ana mwanamke," Shamsia akakubali. "Hebu tumwangalie anavyofunga begi."

Nikamwangalia. Wallahi nilisimama mlangoni kama mwenye nyumba anayemwangalia mpangaji akihama. Akatia mashati mapya mawili, yote rangi ya vumbi. Suruali, rangi ya vumbi. Nikamuuliza kulikoni, akasema msituni hawataki rangi za kung'aa. Kisha chupa yake ya mafuta ya udi akaiacha juu ya kabati. Haidar! Mtu ambaye hata akienda kutupa taka anajipaka nyuma ya masikio!

"Na hiyo?"

"Wamesema tusijipake manukato. Mnyama ananusa."

Nikampigia Shamsia hata kabla teksi haijamchukua mume wangu. 

"Mwanamme anayefuata mwanamke haachi mafuta yake," akasema. "Anayeacha ni yule anayekwenda kulazwa."

Tangu hapo sikuwa na raha. Nikichoka kumwazia mke, namwazia kaburi. Nikakumbuka namna alivyokuwa akipumua akipanda ngazi, na usiku alivyokuwa akigeuka geuka. Sote hapa tunamjua mtu fulani aliyeaga kwa maneno kama hayo, "naenda India mara moja," akarudi kwenye sanduku, na mkewe ndio kwanza anaambiwa alikuwa na ugonjwa. Wanaume wetu wana tabia hiyo ya kuficha maradhi. Nami ningefanya nini peke yangu mji huu, na Nahla, binti yetu, bado yuko shule kwa bibi yake Unguja?

Simu yake kila asubuhi haipatikani. Mchana anajibu, sauti ya chini, ya mtu aliyetulia mno. Nikimuuliza alikuwa wapi, "Msituni, simu zetu wanazichukua getini." Mnasikia wenyewe? Simu inachukuliwa getini! Hospitali ndiko wanakochukua simu. Au mwanamke mwenye wivu.

Nikamwambia, nitumie picha. Akatuma moja, aliyosema kaipiga kabla hawajafika getini: njia ya udongo mwekundu, miti mikavu, na kioo cha mbele cha gari. Chui hakuna. Nikampelekea Shamsia, tukaikuza picha mpaka ikawa madoadoa, na pembeni kabisa, karibu na goti la Haidar, tukaona mkono wenye bangili. Bangili za kioo, nyekundu.

"Astaghfirullah," akasema Shamsia.

"Nesi havai bangili," nikasema.

"Nesi havai bangili," akakubali, na nadhani kidogo alisikitika, maana ile fikra ya hospitali ilikuwa yake.

Nikatafuta namba ya hoteli, nikapiga. Akapokea mwanamke. Sauti nyororo, Kiingereza cha kumung'unya. Nikamwambia namtaka Bwana Haidar. Akasema Bwana Haidar amepumzika, hataki kusumbuliwa. Nikamwambia mie ni mkewe. Akasema, ndiyo, mama, lakini amesema asisumbuliwe na mtu yeyote. Nikamwambia maneno ambayo namshukuru Mungu hakuyaelewa.

Huku kumbe Shamsia keshamnong'oneza Ussi. Huyu Ussi ndiye kama mwenyekiti wetu sisi Wazanzibari wa hapa. Akifiwa mtu, akikamatwa mtu, ni yeye anayekusanya watu. Naye akaandika kwenye kundi letu la WeChat: "Ndugu yetu Haidar yuko India. Tumuombee." Basi. Neno India likatosha. Hakuna aliyeuliza kafuata nini. Nikafungua simu nikakuta pole juu ya pole, mpaka za watu wa mji wa Yiwu nisiowajua. Nikiingia sokoni watu wananishika mkono. Muuza simu mmoja akaniuliza kama ni wa kushoto au wa kulia, nami sikujua hata anazungumzia kiungo gani.

Nilikuwa na hasira na nilikuwa na hofu, na vyote viwili nilivibeba peke yangu. Nikaamua siku anayorudi nitamkuta Baiyun bila kumwambia. Mtu anapotoka uwanja wa ndege hajui kama anatazamwa. Nitaona anatoka na nani, anatembea vipi, kama anajishika ubavu.

Nikachukua metro mapema, nikajibana nyuma ya nguzo mkabala na mlango wa wanaofika. Kila mwanamke mwenye sari aliyetoka nilimpima toka juu mpaka chini. Wakatoka wengi. Kisha akatoka Haidar.

Alikuwa peke yake. Hakujishika popote. Uso umepigwa jua, viatu vina udongo mwekundu, begi begani, na anatembea taratibu kama mtu aliyetoka kuoga baharini. Na anatabasamu. Hamtabasamii mtu, anatabasamu tu mwenyewe. Tabasamu hilo nililijua. Ndilo alilokuwa nalo siku alipokuja kunichumbia, na tangu hapo sikukumbuka nimeliona wapi tena. Nikajiambia, basi, ni mwanamke. Hospitali haimpi mtu uso ule.

Nikatoka nyuma ya nguzo. "Haidar!"

Akaniona. Na tabasamu likaondoka. Hakukasirika, wala hakushtuka kama mwizi; aliupanga tu uso wake, akawa yule ninayemjua. "Mama Nahla," akasema. "Umekuja mpaka huku? Kuna nini?"

Kuna nini! Njia nzima ndani ya metro nilimuuliza mie, na yeye akajibu kila swali. Bangili ni za bibi mmoja wa Pune, mtu mzima, waliyepanda naye gari moja yeye na mumewe. Sauti ni ya dada wa mapokezi. Simu zinachukuliwa kwa sababu watu wanapiga makelele wakimwona mnyama, wanapigia jamaa zao. Alijibu vizuri mno, nami mtu anayejibu vizuri namwogopa zaidi.

Tulipofika nyumbani nikafunga mlango. "Vua shati."

"Mama Nahla..."

"Vua!"

Akavua. Nikamzunguka. Sikuona mshono, plasta wala alama ya sindano. Nilichokuta ni alama za kuumwa na mbu na shingo iliyobadilika rangi pale shati lilipoishia. Nikamnusa pia, msinicheke. Alinuka vumbi.

Bado nimeshika shati lake, kengele ikalia. Ussi, Shamsia, na wengine nyuma yao wamejaa ngazini. Wamekuja kumjulia hali mgonjwa. Shamsia ana sufuria la supu ya kuku, wengine wameleta matunda, mmoja kaleta mpaka mto wa kulalia. Wakaingia kwa miguu ya polepole, wakakaa, wakamtazama Haidar kwa huruma. Nikatoa vikombe vyote vilivyomo ndani.

"Madaktari wanasemaje?" akauliza Ussi.

"Madaktari gani? Nilikwenda kumtazama chui."

Wakatazamana. Ussi akainamisha kichwa. "Mwenyezi Mungu akuzidishie subira, ndugu yangu. Si lazima useme."

"Mie mzima, jamani!"

"Inshallah," wakaitikia wote.

Kila alivyokana, ndivyo walivyozidi kumwonea imani. Mmoja akafuta machozi kabisa. Ikabidi Haidar anywe supu ya mgonjwa, aegemee mto wa mgonjwa, aombewe dua ndefu ya shifaa, na yeye anaitikia amina kwa adabu. Nilipomtazama nikataka kucheka, nami sikuweza, kwa sababu mle chumbani aliyekuwa hajapata jibu lake nilikuwa mie peke yangu.

Walipoondoka nikakaa mbele yake.

"Haya. Mgonjwa si mgonjwa, na mwanamke sijamwona. Niambie kweli. Ulifuata nini?"

"Nilikwambia toka siku ya kwanza. Chui."

"Ukamwona?"

"Sikumwona."

"Hata mara moja?"

"Nyayo tu, kwenye udongo. Wengine walimwona, gari la mbele. Sisi tulichelewa."

"Sasa ulirudi na furaha ile ya nini? Nilikuona, Haidar. Pale uwanjani nilikuona kabla hujaniona."

Nilidhani atakwepa. Akavuta kiti, na lile tabasamu likarudi kidogo, pembeni mwa mdomo.

"Mkiingia tu," akasema, "yule mwongozaji anaweka kidole mdomoni. Hapo hakuna tena kusema. Anazima gari, mnasikiliza. Paa akimwona chui anatoa mlio, na tumbili naye, ndivyo wanavyomjua alipo. Ukisema neno moja umewaharibia wote. Basi mnakaa. Toka kiza cha alfajiri mpaka jua linachoma. Jani likianguka unalisikia. Siku ya kwanza nilikuwa namngoja chui. Siku ya pili nikaomba asije, kwa sababu akija watasema tumekwishamwona, turudi."

Sijapata kumsikia Haidar akisema maneno mengi namna ile kwa mpigo mmoja.

"Na hotelini ukasema usisumbuliwe."

"Ndiyo."

"Na mimi nisikusumbue."

Akauweka sawa ule mto wa mgonjwa. Haidar si mkali. Angenifokea ningejua la kumwambia.

"Mwakani nataka kurudi," akasema.

"Tutakwenda wote," nikasema haraka, hata hajamaliza. "Nahla atakuwa likizo, tutamchukua, Shamsia atatuangalizia duka, nami nitashona nguo ya rangi hiyo hiyo ya vumbi, na bei ya hoteli niachie mie nizungumze nao, maana wewe lazima wamekupiga..."

Nikanyamaza mwenyewe. Alikuwa ananitazama kwa upole kabisa, kwa mapenzi hata, naapa yalikuwa mapenzi, na hakusema ndiyo, wala hakusema hapana.

Iliniuma. Iliniuma kuliko yote niliyokuwa nimeyaogopa. Mke mwenza nilikuwa nimeshajiandaa naye: ningempigia simu, ningemtukana mpaka chaji iishe, ningepanda ndege nikamfuata mlangoni kwake. Maradhi ningeyauguza. Lakini mwanamme aliyekwenda nchi za watu akae kimya, akapona, utamgombeza kwa lipi?

Nikainuka, nikakusanya vikombe vya wageni, nikaenda kuviosha. Nikafungua maji kidogo tu, nikavishika kimoja kimoja, visigongane.