Miaka Mitano Bila Kubwagwa

Mariette na Shimwa walijifunza judo wakiwa wasichana kule Uvira, Kongo, katika ukumbi wa shule ya kanisa. Vita vilipowatupa Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda, wakajikuta majirani tena, kijiji kimoja cha Juru. Hawakuwa na kitu. Walijaza maganda makavu ya mahindi kwenye magunia, wakayashona pamoja, wakatandika turubai juu yake, na hapo ndipo klabu ilipoanzia: wanawake wawili waliotoka kulima, wakishikana kola na kuangushana mpaka jua linazama, watu wakisimama njiani kuwacheka.

Waliocheka wakaleta watoto wao. Hata mchungaji, aliyekuwa amesema si adabu wanawake kuvutana nguo hadharani, akaleta binti yake Benitha. Shimwa alifundisha kuanguka, Mariette akafundisha kuangusha, na watoto walipokwenda zao, wao wawili walibaki kucheza kwa ajili yao wenyewe. Shimwa alikuwa mfupi, mwenye mgongo mpana. Kabla hujajua ameingiaje chini yako, tayari ulikuwa unaangalia mawingu.

Kisha jina la Shimwa likatoka katika orodha ya wanaohamia Norwe. Mariette akamsindikiza mpaka Base Camp, mabasi yanakoondokea.

"Dada, batoto usibaache," Shimwa alisema, mguu mmoja ukiwa ndani ya basi.

"Na mimi, nitacheza na nani?"

Dereva alikuwa ameshapiga honi; Shimwa akapandisha na mguu wa pili.

Miaka mitano ikapita. Klabu ikafika watoto themanini, Benitha akiwafundisha wadogo, na fundi cherehani mmoja akishona kimono za judo kwa vitambaa vya magunia ya unga. Wote walifanya kazi hiyo kwa kujitolea, na wote walimheshimu Mariette. Shida ilikuwa hapo hapo. Kila aliyemshika alimshika kwa heshima, na wengine walianguka hata kabla hajawaangusha.

"Univute!" aliwakemea. "Hapa mi si mama yako!"

Wakacheka, wakaendelea kuanguka. Naye akarudi nyumbani bila jasho, mwili ukitamani kitu asichoweza kumweleza mume wake.

Mwaka huu, Koplo Topista, mwanajeshi mwanamke aliyewafundisha judo watoto wa kambi ya jeshi kule Mbarara, alisikia habari zao akawaalika. Mariette akaenda na wanafunzi kumi. Mazoezi yalipokwisha, Topista alifunga mkanda wake upya, akamwendea.

"Mwalimu, sasa mimi na wewe. Hakuna kuogopa."

Wakashikana. Mariette alivuta, akavutwa. Alijaribu mguu, Topista akaukwepa. Halafu mgongo ukapita chini ya tumbo lake, nyayo zikaacha mkeka, na kishindo kikajaa ukumbini. Watoto wa Juru wakainuka wote. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kumwona mwalimu wao chini.

Mariette alilala vile vile akiangalia mabati, machozi yakimtiririka mpaka masikioni.

"Nyabo, mama, pole! Umeumia?" Topista aliinama.

"Hapana. Nitupe tena."

Alibwagwa mara nyingi alasiri ile, na yeye akambwaga Topista mara tatu, mpaka wote wawili wakawa hoi kwa uchovu na kicheko. Ila kila walipokaribiana, Mariette alijikuta akisikiliza. Shimwa alikuwa na kawaida ya kubana pumzi kabla ya kuingia. Topista alihema tu kama watu wengine.

Topista aliahidi kuja Juru kila Jumamosi ya pili ya mwezi, na mpaka leo hajakosa. Watoto humkimbilia barabarani, na jioni yeye na Mariette hubaki kwenye turubai mpaka giza linaingia.

Lakini siku ile waliporudi kutoka Mbarara, Mariette alimtumia Shimwa ujumbe wa sauti, akamwambia kwa kifupi kwamba ameanguka. Jibu likaja kesho yake.

"Dada, huku klabu iko, lakini saa banacheza, mimi niko kwa kazi. Kimono yangu ingali imekunjwa ndani ya valizi. Unielezee yote. Alikushika na mkono gani? Uliangukia fasi gani, mgongo ama bega? Usiruke kitu."

Mariette akaacha jembe, akatembea mpaka mwisho wa shamba la maharagwe, ambako mtandao haukatiki. Akakaa chini, akaileta simu karibu na mdomo, akaanza kueleza tangu pale waliposhikana.