Kufuli la Ukoo wa Zamani

Saa nne kasoro robo asubuhi, Jumatatu, seva mpya ya benki ya damu iliamka vizuri, ikajitaja jina, ikafungua milango yake yote, kisha ikagoma kwenye mstari mmoja. Msumari aliusoma mstari ule mara tatu. Ulisema faili la kufuli limeonekana, lakini limejengwa kwa prosesa ya aina nyingine, kwa hiyo haliwezi kutumika. Akaizima seva, akaiwasha tena, kama mtu anayetoka nje na kurudi ndani akitumaini mgeni asiyemtaka atakuwa ameshaondoka. Mstari ulikuwa pale pale.

Walimwita Msumari kwa sababu chochote kilicholegea pale kituoni, kuanzia mlango wa choo hadi mtandao, aliitwa yeye akikaze. Shule aliiacha darasa la saba. Kompyuta alijifunza kwa kuzifungua matumbo. Kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kushindwa na mashine mbele ya watu.

Mama wa maabara alisimama mlangoni, glavu mkono mmoja.

"Msumari, nataka wachangiaji wa mdogo wako."

"Seva haijakaa sawa."

"Itakaa lini?"

"Nipe nusu saa."

"Nusu saa ya saa, au nusu saa ya fundi?"

Siku nyingine angecheka. Mama wa maabara alimtazama usoni, akavua glavu, akaondoka.

Mdogo wake wa kike alikuwa jengo la pili, wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani. Alizaliwa na siko seli, ugonjwa wa damu. Tangu utotoni ameongezewa damu mara nyingi mno, hadi mwili wake ukawa mchaguzi: kundi laweza kulingana, karatasi ikasema sawa, na mwili bado ukaikataa. Alfajiri ile walimjaribu kwa mfuko mmoja. Dakika ya kumi akaanza kutetemeka, kitanda kikawa kinagonga ukuta, wakauchomoa mpira haraka. Daktari hakuzunguka mbuyu. Damu imeshuka hadi gramu tatu, moyo unachoka, na ikifika saa tisa alasiri hajapata damu anayoikubali, wasiulize tena.

Kati ya wachangiaji elfu kumi na moja, walikuwa wanne tu ambao damu yao mwili ule uliwahi kuipokea. Majina yao na namba zao za simu yalikuwa ndani ya seva, nyuma ya kufuli.

Zamani kilikuwepo kitabu cha karatasi. Lakini mwaka mmoja ndugu wa mgonjwa alikipekua, akapata jina la mchangiaji, akamfuata hadi dukani kwake na kumng'ang'ania mbele ya wateja, mpaka yule mtu akaapa hatatia tena mguu kituoni. Mkuu wa kituo akatoa amri: vitabu vichomwe, majina yafungwe ndani ya mashine, na ndugu wa mgonjwa asione kamwe jina la mchangiaji. Vitabu alivichoma Msumari mwenyewe, nyuma ya chumba cha jenereta.

Programu yenyewe iliandikwa kwa Java. Na Java, kama alivyoambiwa, ni mpishi anayesafiri na vyungu vyake: mpe jiko la kuni, la mkaa au la gesi, chakula kitatoka kile kile. Ni kweli, hajasingiziwa. Ila kufuli halikuwa Java. Mhandisi wa kwanza wa kituo, Mungu amrehemu, aliliandika kwa lugha nyingine, likaongea moja kwa moja na prosesa za mashine zile za zamani, ili liende kasi. Mpishi alihama na vyungu vyake, kumbe chungu kimoja kilikuwa kimejengewa kwenye jiko la zamani kwa saruji.

Na mashine zile za zamani hazikuwa kompyuta za kawaida za ofisini. Yalikuwa makabati mawili ya chuma, urefu wa kifua, ya ukoo wa prosesa ambao kiwandani wameacha kuutengeneza miaka mingi. Moja lilifanya kazi, la pili lilikaa akiba. Yalinguruma kama paka mwenye pumu. Mpya zilikuwa za ukoo mwingine kabisa: ndogo, hazichemki, zinakula umeme kidogo kama kuku anayedonoa. Mkuu alizipenda. Msumari alizipenda zaidi.

Wala hakukurupuka. Alizijaribu wiki mbili. Lakini kanuni ilikataza kutumia wachangiaji wa kweli kwenye majaribio, kwa hiyo akabuni wa kwake elfu moja: Bwana Kiboko, Bi Kobe, Mzee Nungunungu, kila mmoja na kundi lake la damu. Mama wa maabara alikuwa akipita na kuuliza Bi Kobe amefika au bado yuko njiani. Wanyama hawana siri, basi majina yao Msumari hakuyafunga. Wiki mbili nzima kufuli halikuguswa hata mara moja. Kila jaribio likapita. Akaweka sahihi yake chini ya karatasi, kubwa, yenye mkia. Ijumaa jioni alihamisha kila kitu. Jumamosi makabati yakabebwa kwenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu.

Alimpigia simu mtaalamu wa kampuni iliyoleta seva mpya.

"Bosi, hilo faili lina nakala ya maandishi yake ya mwanzo?" mtaalamu aliuliza. "Nikiyapata nitalijenga upya kwa prosesa hii."

"Aliyeliandika ni marehemu. Kompyuta yake iliibwa kabla hajafa."

"Jaribu programu ya kuigiza prosesa ya zamani."

"Nimejaribu. Inafika kwenye kufuli inaanguka."

"Ah. Java inakwenda popote, bosi, lakini hiyo si Java."

"Hilo nimeshalijua. Niambie nisilolijua."

"Tafuta mashine ya ukoo ule ule. Sina jingine."

Ili kufika getini ilibidi apite mbele ya wodi. Shemeji yake, mume wa mdogo wake, alikuwa kwenye benchi la nje, ameshika kandambili za mkewe mapajani kama mtu aliyepewa mtoto ashike.

"Shemeji, wamepatikana?"

Msumari angeweza kusema bado kidogo. Ulimi ulikataa.

"Mimi ndiye niliyeyafungia majina yao. Naenda kutafuta cha kufungulia."

Shemeji alimtazama. Hakupandisha sauti. "Jana alisema hana wasiwasi, kwa sababu kaka yake yupo kwenye mashine."

Maneno yale yalimwingia mahali ambapo tusi lisingefika. Akaondoka.

Mnunuzi wa vyuma waliyemwita Mzee Sumaku alikuwa na ua mpana nyuma ya gereji, na mzani mkubwa chini ya paa la bati. Msumari alifika saa tano akiwa na begi la bisibisi na diski ya akiba, ile aliyonakilia mfumo mzima wa kabati kabla ya kuhama. Aliyaona makabati yake kwa mbali, akapunguza mwendo. Yalikuwa yamelala chali, matumbo nje.

"Umeyafanya nini?"

"Nimeyafanya vyuma," alisema Mzee Sumaku. "Ulitaka niyafanye mapambo?"

"Naomba vilivyotoka ndani. Bodi, feni, vyote."

"Jumamosi uliniambia nisikurudishie hata skrubu."

"Jumamosi nilikuwa mjinga."

Mzee Sumaku aliacha kuandika. Katika kazi yake watu humletea kila kitu isipokuwa maneno kama hayo. "Nani anaumwa?"

"Nani kakwambia kuna mtu anaumwa?"

"Mtu hakimbilii vyuma kwa uso huo."

"Mdogo wangu. Mpaka saa tisa."

Mzee Sumaku akawafukuza wateja kwenye mzani, akamwaga gunia la bodi juu ya turubai. Msumari akapiga magoti. Bodi kuu ya kabati lililokuwa likifanya kazi ilikuwa imepasuka katikati. Nyundo ilipita hapo. Ya kabati la akiba ilikuwa nzima, lakini kifaa chake cha umeme kilikuwa kimekatwa nyaya zote kwa ajili ya shaba. Akachukua kizima cha huku na kizima cha kule, akaviunga. Alikosa feni, Mzee Sumaku akasimama na kipande cha kadibodi akiipepea prosesa kama anayepepea mgonjwa, akiinung'unikia, "Haya mama, haya, amka." Mara ya kwanza haikuwaka. Mara ya pili iliwaka, ikanuka, ikazima. Msumari aliketi juu ya visigino vyake. Ilikuwa saa sita na nusu.

"Nikusaidie nini?" aliuliza Mzee Sumaku.

"Pepea."

Alichomoa vipande vyote vya kumbukumbu, akarudisha kimoja tu. Mara ya tatu ikawaka na kubaki imewaka, akachomeka ile diski ya akiba. Kwa kumbukumbu ile ndogo programu nzima isingeweza kusimama, kwa hiyo akaacha kila kitu, ripoti, stoo, vichapishi, akaamsha Java pamoja na kufuli peke yake, kisha akaiomba wachangiaji wa mgonjwa mmoja. Skrini ya mzani, waliyoiazima, ikajaa mistari. Saa saba na dakika tano kufuli lilipakiwa bila kelele, kama halijawahi kumsumbua mtu.

Kabla hajabonyeza kitufe cha mwisho, alimpigia simu mama wa maabara.

"Njoo ua wa Mzee Sumaku. Chukua pikipiki."

"Si usome tu unitajie? Muda unakwenda."

"Mimi ni ndugu."

"Leo, Msumari? Kanuni leo?"

Alifunga macho. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Angewajua wote wanne kwa dakika moja, angewafuata hata chini ya vitanda vyao, angewabeba mgongoni. Alijijua. Yule ndugu wa dukani naye hakuwa mtu mbaya.

"Nikiyaona majina nitawafuata," alisema. "Nitawatisha. Njoo."

Mama wa maabara alifika baada ya dakika kumi na mbili, koti jeupe likiwa na vumbi hadi kwenye viwiko. Msumari aliigeuza skrini imwelekee yeye, akabonyeza, akaenda kusimama na uso kwenye ukuta wa mabati. Mzee Sumaku aliendelea kupepea, naye macho juu.

Alisikia upande mmoja tu wa kila simu.

"Haipatikani," mama wa maabara alijiambia.

Kisha: "Hallo, natafuta... Oh. Lini? Poleni sana. Poleni."

Kisha: "Ulitoa damu wiki ngapi zilizopita? Tatu. Hapana, haturuhusiwi, utaanguka wewe sasa. Asante, asante sana."

Msumari alikuwa anahesabu mikunjo ya bati. Simu ya nne iliita mpaka ikakata. Mama wa maabara akapiga tena. Ikakata. Akapiga tena. Jasho lilimshuka Msumari hadi kidevuni na hakulifuta.

"Hallo? Ndiyo, ni sisi. Ndiyo, leo. Najua uko kazini." Kimya. "Siwezi kukwambia ni nani. Siwezi pia kukulazimisha." Kimya kirefu. "Saa nane? Tutakuwa tayari."

Saa nane kasoro, Msumari alisimama kwenye ngazi za kituo, ingawa mama wa maabara alimwambia akakae wodini. Kila aliyeingia getini, Msumari alimkazia macho mpaka mwenyewe Msumari akaona haya. Akaingia mwanamke mwenye madoa ya rangi ya nyumba kwenye suruali, mzee mwenye mkoba, kijana aliyekuwa akila, mwanamume mfupi aliyevaa sare ya ulinzi. Yule wa sare alisimama mbele yake.

"Samahani, maabara iko upande gani?"

Inawezekana alifuata majibu ya kipimo tu. Inawezekana hakuwa yeye. Msumari alinyoosha mkono kuelekea korido, mlango wa pili kushoto, na akarudisha mkono wake mfukoni kwa nguvu, kama anamzuia mbwa.

Vipimo vilikwenda kwa haraka iliyoruhusiwa, si zaidi. Saa tisa na dakika nane mama wa maabara alipita na boksi la baridi bila kumwangalia mtu. Mfuko ulikuwa mmoja. Daktari alikuwa ametaka miwili.

Muuguzi alitoka kuwaeleza pale kwenye benchi. "Tumeufungua. Robo saa ya kwanza ndiyo ya kungoja. Akitetemeka, tunachomoa, na hatuna mwingine."

Akarudi ndani, mlango ukajifunga. Shemeji alisogea kidogo ili Msumari apate pa kukaa. Ndiyo mara ya kwanza kukaa kitako tangu asubuhi.

"Ni nani huyo aliyetoa?"

"Sijui."

"Na wewe ndiye mwenye mashine."

"Sijui, shemeji."

Walisikiliza ukuta. Chuma cha kitanda kikigonga, wangesikia. Dakika ya saba kitu kiligonga, wote wawili wakasimama. Alikuwa mfagiaji na ndoo yake. Wakakaa. Shemeji alikuwa anazibana zile kandambili mpaka zimepinda. Msumari aliangalia kucha zake zilizojaa masizi ya bodi, akafikiria mkuu wa kituo, ambaye karatasi yenye ile sahihi ya mkia ilikuwa mezani kwake, na akajikuta hajali, kesho na ije na fimbo yake. Dakika ya kumi. Ya kumi na mbili. Ukuta ulikuwa kimya, na hakujua kama kimya kile ni cha heri.

Mlango ulifunguka. Muuguzi alitoa kichwa.

"Robo saa imepita. Anaomba maji ya kunywa."

Shemeji alisimama, akakaa, akasimama tena. "Ya baridi au ya kawaida?"

"Ndugu yangu, maji."

Msumari alikuwa ameshafika katikati ya korido, anatafuta kikombe.