Filimbi ya Saa Kumi na Moja

Tangu ghala la kahawa la Omukigando liezekwe bati, halikuwahi kumeza watu kama Jumapili ile ya mwaka 1984, bendi ya Mawe Matatu ilipokuja na magitaa yake ya umeme. Watu walitoka Igurwa, wakatoka Rugu, na wale wa Bugomora walianza safari tangu Ijumaa, viatu mkononi ili visichakae kabla ya kuchezewa. Ndani mlijaa hivi kwamba aliyeinua mkono kujikuna kichwa hakupata tena pa kuushushia, akabaki nao hewani mpaka wimbo ulipokwisha. Na Egbert, mpiga gitaa la solo, alipozikwaruza nyuzi kwa mara ya kwanza, kuku wa nyumba saba za jirani walitaga bila kutarajia, na ndizi zilizofukiwa shimoni kwa ajili ya pombe ziliiva siku mbili kabla ya wakati. Wapo wanaobisha habari ya ndizi. Habari ya kuku haibishiwi na mtu.

Byarugaba, mtunza ghala, hakucheza. Alikuwa amesimama juu ya mizani ya kupimia kahawa, karibu na mlango mkubwa, akitazama ukuta wa kushoto. Ukuta huo ulikuwa wa magunia tu: magunia ya maganda, kahawa iliyokaushwa pamoja na ganda lake, yamepandishwa ishirini kwenda juu hadi karibu kugusa paa. Na ukuta huo ulikuwa umeota kitambi.

Akafumba macho, akayafumbua. Kitambi kilikuwa palepale, na kilikuwa kimekua.

Magunia hupangwa kama matofali. La juu hukalia maungio ya mawili ya chini, ya mbele hung'ang'aniana na ya nyuma, na ukuta mzima unakuwa kitu kimoja. Lakini Alhamisi, walipokuwa wakisafisha nafasi ya kuchezea, jua lilikuwa linazama na vibarua wamechoka, na Byarugaba aliwaambia, "Wekeni tu, ni siku tatu." Wakaweka gunia juu ya gunia, wima, kama vikombe. Mwenyekiti wa ushirika alipouliza kama yatakaa, alijibu kwamba yatakaa. Sasa kila besi ilipopiga, punje za kahawa zilijiviringisha ndani ya magunia, na magunia yakasogea unywele mmoja mbele.

Chini ya kitambi, migongo imeegemea magunia kana kwamba ni kochi la sebuleni, walisimama wasichana watano wa kwaya. Wa katikati alikuwa Kokuhirwa, binti yake, mwenye miaka kumi na sita. Mama yake alikuwa amekataa asije. Aliyemruhusu ni Byarugaba mwenyewe.

Punje moja ya kahawa ilidondoka kutoka juu ikamwangukia Kokuhirwa begani. Akaiokota, akamrushia mwenzake, wakacheka.

"Mbona umepanda mizani, bwana stoo?" Aliyeuliza ni Mbonimpa, aliyekuwa akichukua tiketi mlangoni. Alikuwa mpagazi wa siku nyingi, mwana wa Mrundi aliyehamia zamani, na mguu wake wa kulia ulikuwa umevunjwa na magunia katika ghala jingine. "Unapima uzito wa dhambi zako?"

"Tazama kushoto. Usinyooshe kidole."

Mbonimpa akatazama. Mguu wake mbovu ulielewa kabla ya kichwa, ukarudi nyuma hatua moja.

"Nani alipanga vile?"

"Mimi."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Msibani, Rugu."

"Ona sasa. Mimi nimekwenda kuzika mtu mmoja, wewe huku nyuma unaniandalia mia." Akashusha sauti. "Tuwaambie watoke."

"Nikitamka neno magunia, watu wote hawa watakuja kwenye mlango huu. Unapitisha wangapi?"

Mbonimpa akautazama mlango. Waliufunga nusu tangu asubuhi na kuuzuia kwa mapipa, ili asiingie mtu bila tiketi. "Mmoja," akasema. "Tena mwembamba."

"Basi."

"Wapiga muziki wanyamaze, halafu tuwasogeze polepole."

"Umesahau jenereta ilipokohoa saa tisa? Muziki ulikatika kidogo tu, wakapiga miguu chini mpaka bati likalia. Sasa wakipiga miguu vile tena, hatuna ukuta."

Juu ya jukwaa, lililotengenezwa kwa mbao juu ya mapipa ya dizeli, Egbert alifumba macho na kuanza kulivuta gitaa kama mtu anayevuta ng'ombe kutoka matopeni. Umati ukaitikia. Punje tatu zikadondoka.

Byarugaba akageuza uso ili asione, na kupitia upenyo wa mlango macho yake yakaangukia ofisi ya tawi la chama, ng'ambo ya barabara. Mbele yake palikuwa na mlingoti, na bendera juu. Chini ya mlingoti, Evaristi, mwanamgambo, alikuwa amekaa kwenye kibao akiipangusa filimbi yake kwa ncha ya shati.

Kila jioni saa kumi na mbili kamili Evaristi alipiga filimbi hiyo, na Omukigando yote ikasimama. Mwenye jembe alisimama na jembe, mwenye mtungi alisimama na mtungi, hata mbuzi walikuwa wamezoea kuacha kutafuna. Hakuna aliyetikisika mpaka bendera ishuke, ikunjwe, na filimbi ya pili ilie. Aliyetikisika alilala ofisini.

"Nikiinua mkono, zima jenereta," Byarugaba alimwambia Mbonimpa. Akatoka.

Alivuka barabara kwa mwendo wa kawaida, kwa sababu mtu akimbiaye huulizwa.

"Afande Evaristi, nahitaji filimbi."

"Ya saa kumi na mbili?"

"Ya sasa hivi."

Evaristi akatazama jua, akatazama saa yake, akatazama jua tena kuona kama vinakubaliana. "Sasa ni saa kumi na moja. Bendera ina saa yake, mzee wangu."

"Bendera iache palepale. Piga filimbi tu, ndani ya ghala, kwenye kipaza sauti."

"Filimbi bila bendera?" Evaristi alionekana kuumia. "Huo ni uongo wa serikali."

"Nikikuambia sababu utakimbia."

"Mimi sikimbii."

Byarugaba akamwambia, kwa maneno manne. Kweli Evaristi hakukimbia, lakini filimbi ilimponyoka.

"Ndani yumo mdogo wangu," akasema.

"Yumo na binti yangu."

"Nikiulizwa wilayani?"

"Ulikuwa unaijaribu filimbi kama inafanya kazi. Mimi ndiye niliyekuambia imeharibika."

Evaristi akaiokota, akaifuta vumbi, wakaenda. Waliingia kwa mlango mdogo wa nyuma ya jukwaa, ambao ulipitisha wapiga muziki na spika zao. Egbert alikuwa bado amefumba macho. Byarugaba alitazama juu ya vichwa vya watu na kuona gunia la safu ya juu limetoa pua nje ya ukuta kama mtu anayechungulia. Akamsukuma Evaristi mbele.

Evaristi akapiga filimbi kwenye kipaza sauti.

Sauti hiyo, wanasema, ilisikika mpaka ng'ambo ya mpaka, na watu wa huko wakasimama pia ingawa bendera haikuwa yao. Ndani ya ghala watu wote waliganda. Mikono ikashuka ubavuni, visigino vikagongana, videvu vikainuka. Egbert, mtoto wa askari, aliganda na kidole kwenye uzi, lakini spika ziliendelea kunguruma mmmmm, na mngurumo huo ukapita sakafuni ukaingia kwenye magunia. Byarugaba akainua mkono. Nje, Mbonimpa, aliyekuwa akichungulia kwenye upenyo wa mlango, akazima jenereta.

Hapo ndipo pakawa kimya, na katika kimya hicho Byarugaba alisikia ukuta. Nyuzi za katani zilikuwa zinalia, kri, kri, na punje zilidondoka kwa mfululizo kama mvua inayoanza.

Akashuka jukwaani na kupenya kando kando ya ukuta, kwenye ujia mwembamba kati ya magunia na watu. Akamgusa bega mtu wa kwanza.

"Njoo."

Yule mtu akageuza macho bila kugeuza kichwa. "Nimetikisa kidole tu, mzee," akanong'ona.

"Nimeona. Toka nje."

Akatoka, kichwa chini. Byarugaba akashukuru moyoni: kumbe kila mtu anajua alipokosea. Akamgusa wa pili, "Njoo," na wa pili akajua kwamba kuna aliyemwona akipiga chafya. Wa tatu alidhani ni kwa sababu ya kofia. Mwingine aliomba msamaha kwa jambo la mwaka jana. Walitoka mmoja mmoja kwenye upenyo wa mlango, na huko nje Mbonimpa aliwakalisha chini mstari kama wahalifu, nao wakakaa bila kuuliza. Kumi wakatoka. Ishirini. Arobaini. Umati uliobaki ulitazama mbele.

Filimbi ya pili kwa kawaida haichukui hata dakika mbili. Dakika mbili zikapita, na mbili nyingine. Mzee mmoja wa safu za mbele akanong'ona bila kufungua meno, "Bendera gani leo, inashushwa kutoka mbinguni?" Jukwaani, Evaristi alikuwa amebana filimbi midomoni, jasho likimtiririka kwenye kola.

Byarugaba akawafikia wasichana wa kwaya. Wa kwanza akatoka, wa pili, wa tatu, wa nne. Akamgusa Kokuhirwa.

"Njoo."

Kokuhirwa hakusogea. Alisimama kama alivyofundishwa shuleni, vidole gumba vimelala kwenye pindo la sketi. "Sijatikisika, Tata," akanong'ona.

"Najua. Njoo."

"Bendera."

"Kokuhirwa, nakuambia mimi baba yako."

"Mwalimu alisema hata baba." Macho yake hayakuondoka mbele. "Unataka nikamatwe halafu mama aseme alikuambia."

Punje zikamwagika kichwani mwake, nyingi kwa pamoja, na hakuzipangusa. Byarugaba akamshika mkono akamvuta. Msichana akajikaza, mgongo ukagusa magunia, na ukuta ukatoa sauti ambayo Byarugaba hakuwahi kuisikia maishani, sauti ya kitu kizito kinachovuta pumzi. Akamwachia papo hapo. Kumvuta asingeweza, kumpigia kelele asingeweza, na kumweleza kulihitaji muda ambao haukuwepo.

Alirudi kinyumenyume, hatua moja, ya pili, mpaka ya nane, akafika mahali palipobaki wazi karibu na mlango. Halafu yeye, mzee wa baraza la kanisa, mwenye wajukuu wawili, akapiga magoti yote mawili sakafuni, akainamisha kichwa na kuunganisha viganja, kama binti anavyomwamkia baba yake asubuhi.

"Shikamoo, mama," akasema.

Katika kimya kile ghala zima lilisikia. Macho elfu yaliyokuwa yakitazama mbele yaligeuka. Uso wa Kokuhirwa ulikunjamana kana kwamba amepigwa kofi. Shule, mwalimu, bendera, vyote vilimtoka. Hakuna mtoto wa nyumba yoyote huko Karagwe anayeweza kusimama wima baba yake akiwa magotini mbele yake. Alikimbia hatua nane akamshika chini ya makwapa.

"Inuka, Tata. Inuka waitu, nakusihi, inuka."

Alikuwa bado anamwinua kitambi kilipopasuka.

Magunia hayakuanguka kwa pamoja. Lile lililochungulia lilitangulia, halafu safu nzima ikalifuata, gunia juu ya gunia, mpaka sakafu ikaruka na vumbi la kahawa likajaa hewani hivi kwamba mtu hakuuona mkono wake. Punje zilitiririka kama maji, zikawafunika Byarugaba na binti yake mpaka kwenye vifundo vya miguu, zikaenda kusimama kwenye ncha za viatu vya safu ya kwanza ya watu.

Vumbi lilipotulia, watu walikuwa bado wamesimama wima, mikono ubavuni. Baadhi walilia, lakini kwa macho tu. Filimbi ya pili ilikuwa haijalia.

"Piga," Byarugaba akasema.

Evaristi alipuliza, ikatoka pumzi tupu. Alipuliza tena. Mara ya tatu ikalia kwa sauti ya kifaranga, na hiyo ikatosha. Mbonimpa alikuwa ameshasukuma mapipa na kufungua mlango wote, na watu wakatoka taratibu, wakipita pembeni mwa lile rundo na kulitazama kama watu wanaopita mbele ya jeneza. Hakuna aliyekimbia. Kilichokuwa cha kukimbiwa kilikuwa kimelala chini.

Nje Kokuhirwa alimkalisha baba yake kwenye pipa, akachuchumaa na kuanza kumpangusa magoti kwa kiganja, kwa nguvu, kama anayekung'uta mkeka.

"Usirudie tena," akasema.

"Sitarudia."

"Mbele ya watu wote wale."

"Walikuwa wanatazama mbele."

"Walikuwa wananitazama mimi, Tata."

Byarugaba alikiangalia kiganja kile kidogo kikienda na kurudi kwenye suruali yake. Vumbi lilikwisha. Kokuhirwa hakuacha kupangusa, naye hakumwambia aache.